Naomba ushauri: tunataka kuchangia wodi ya watoto njiti kwa kumbukumbu ya binti yetu

Mama wa Tabata
Ndugu zangu, habari za jioni. Mwezi ujao binti yetu anatimiza mwaka tangu atangulie. Alizaliwa na miezi saba, akalazwa wodi ya njiti katika hospitali moja ya serikali hapa Dar, kisha Mungu akamchukua. Wauguzi walihangaika naye usiku kucha, sina lawama na mtu.

Badala ya kupika pilau la kumbukumbu, mimi na baba yake tunataka kuchangisha ndugu, majirani na wenzetu wa kazini tupeleke kitu pale wodini. Tupeleke fedha au vifaa? Tuliwaza mashine ya kusaidia kupumua. Halafu shangazi wa mume wangu anasema jina la marehemu halipitishiwi bakuli, watu watasema tunakula kwa jina lake. Imeniuma, maana ni mtu ninayemheshimu.

Nesi Mstaafu
Pole sana mwanangu. Kabla hamjachangisha hata shilingi, nendeni mkamwone muuguzi kiongozi wa wodi mumuulize wanapungukiwa nini. Huenda asitaje mashine kabisa. Atataja kofia, soksi, kanga, mirija ya kulishia, vipima oksijeni vya watoto, viti vya kuegemea.

Hapo kwenye viti nisikilize vizuri. Njiti anapoteza joto upesi kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na mafuta mwilini ni machache, ndiyo maana anabebwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilishauri hili lianze mara tu anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama aliyetoka kujifungua, pengine kwa upasuaji, atawezaje saa zote hizo kwenye benchi la mbao? Kiti nacho ni tiba.

Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyea msipeleke. Njiti anahitaji maziwa ya mama, yakikamuliwa anapewa kwa kikombe kidogo au mrija.

Fundi Vifaa Tiba
Mama Nesi kasema kweli. Mashine ya kupumulia inataka oksijeni, umeme wa uhakika, vifaa vya puani vya saizi ya njiti na wauguzi waliofundishwa kuitumia. Ikifika bila spea inaishia stoo. Mkiitaka kweli, ongeeni na wanaoifanya kazi hiyo, mfano Taasisi ya Doris Mollel, ambayo imeshapeleka vifaa vya watoto njiti katika hospitali mbalimbali nchini.

Mweka Hazina wa Kikoba
Michango isiingie kwenye simu yako. Tumieni M-Koba, ile huduma ya simu ya kutunza fedha za kikundi, au akaunti ambayo fedha haitoki mpaka zaidi ya mmoja aidhinishe. Tangazeni tarehe ya kufunga. Mkinunua vifaa, wekeni risiti kwenye grupu, na siku ya makabidhiano mpate barua yenye mhuri wa hospitali. Mkiamua kutoa fedha, lipieni kwa namba ya malipo ya serikali, msimpe mtu mkononi.

Babu wa Kigamboni
Shangazi msimjibu kwenye grupu la ukoo. Mfuateni kwake, wewe na mumeo, mkamweleze kwa adabu, kisha mumwombe yeye ndiye akabidhi vitu siku hiyo. Jina la mtoto si lazima liandikwe kwenye ujumbe wa michango, libaki ndani ya familia.

Mama Pacha
Babu, shikamoo. Kwa shangazi nakuunga mkono, ila kwa jina hapana. Mimi nilizaa mapacha, mmoja akaondoka siku ileile. Nyumba nzima ikanyamaza. Nikimtaja naambiwa nishukuru nimebakiwa na mmoja, tena nitazaa mwingine. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilimwita nani. Dada, kama moyo wako unataka jina liandikwe, liandike. Alikuwa mtoto wako.

Mama wa Tabata
Asanteni sana, nimesoma huku nalia. Mama Pacha, poleni sana. Mwanao ulimwita nani?

Mashine tumeiacha. Jumatatu tutaenda wodini kuuliza, na kwa shangazi Jumapili baada ya ibada. Wifi yangu ana kikoba, atasimamia fedha. Jina tutaandika.

Mama Pacha
Nilimwita Baraka. Ukipata orodha ya wodi iweke hapa, kiti kimoja ni changu.