Naombeni ushauri: oksaidi ya zinki yangu imeonyesha usumaku, niandike au ninyamaze?

Mwanafunzi_Wandegeya: Wakubwa shikamooni. Niko masters hapa Kampala, natengeneza chembe za nano za oksaidi ya zinki. Kwa kawaida hii kitu haina usumaku lakini sampuli nilizotuma India zimerudi nao, mdogo ila upo, na niliyoioka kwenye oksijeni umepungua sana, kwa hiyo naona ni kasoro za kristali, yaani pale oksijeni ilipokosekana elektroni zinabaki na kuelekea upande mmoja, ukijaza nafasi usumaku unaisha. Supavaiza hajibu, usingizi sipati. Niandike hivyo?

Dada_Arua: Mdogo wangu, supavaiza hafuatwi kwa simu. Wangu nilikuwa namngoja mlangoni asubuhi kabla hajaweka begi chini.

Fizikia_Mbarara: Unga uliushika na nini?

Mwanafunzi_Wandegeya: Kawaida tu ya maabara.

Fizikia_Mbarara: Kibano cha chuma au plastiki?

Mwanafunzi_Wandegeya: Stainless, lakini stainless haishiki sumaku. Na abstrakti, yaani muhtasari wa kazi, nimeshatuma.

Fundi_Katwe: Nani kakwambia? Mi natengeneza masinki. Sumaku kwenye shiti bapa inateleza, pale kwenye kona niliyokunja inanata.

Mzee_Bombo: Kutuma kazi kabla mkubwa wako hajasoma si adabu, kijana.

Fizikia_Mbarara: Fundi yuko sawa, ukiikunja kristali yake inabadilika. 2004 watafiti wa Dublin walitangaza usumaku kwenye oksaidi ya hafniamu, ambayo nayo kwa kawaida haina, 2005 wengine wakaonyesha kibano cha stainless kinaweza kuacha chembe za chuma zenye usumaku kama ule. Na kuoka hakuthibitishi kitu, maana chembe ya chuma ikiokwa inakuwa kutu na usumaku wake karibu wote unapotea.

Boy_Jinja: Hii stori imetungwa. Mwanafunzi gani wa hapa ana hela ya kupimisha India? Weka grafu.

Mwanafunzi_Wandegeya: Sijatunga ssebo, rafiki wa supavaiza ndo alinipimia bure. Grafu nitaweka nikifika hosteli.

Boy_Jinja: Tunangoja.

Fizikia_Mbarara: Mi namwamini, mtunzi angeanza na kibano. Sikia, tengeneza unga mpya ugawe, nusu ushike kwa plastiki nusu kwa chuma, pimisha pamoja na kapsuli tupu, yaani kile kichupa cha kupimia bila unga, halafu wacheki kiasi cha chuma ndani ya unga. Usumaku ukibaki kwa ile ya plastiki na chuma hakuna, hapo zungumzia kasoro.

Mwanafunzi_Wandegeya: Abstrakti siiondoi, nimeandika "huenda". Kibano cha plastiki nakipata wapi Kampala?

Dada_Arua: Ninavyo viwili, njoo inbox.