Spika ya bluetooth ya kubeba: wati 40 nyepesi au wati 20 nzito?

mpenda_besi
Habari wakuu. Natafuta spika ya bluetooth ya kubeba mkononi, ya kusikiliza chumbani na mara nyingine nje, watu kumi hivi. Nimebaki na mbili. Ya kwanza imeandikwa wati 40, betri mAh 5000. Ya pili wati 20, mAh 4800, IP67 (kinga ya vumbi na maji), ila ni nzito zaidi. Roho inavuta kwenye 40, lakini mbona nyepesi vile?

fundi_waya
Mkuu, wepesi huo ndio wa kukutia shaka. Sumaku ni chuma na betri ni mzigo. Spika ikiwa nyepesi kama boksi tupu, kuna kitu hakimo ndani.

Kwenye maelezo tafuta neno RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo. Lisipokuwepo, 40 hiyo huenda ni ya kilele tu, kishindo cha kufumba na kufumbua. Na hata ingekuwa ya kweli, kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa maradufu, zinatakiwa kama desibeli 10, ambazo ni wati mara kumi. Kwa hiyo 20 na 40 si mbali kama namba zinavyotisha.

Cha maana zaidi ni koni, ile sahani inayotikisika kutoa sauti. Koni ya milimita 50 haisukumi hewa ya kutosha kwa besi ya chini, ndiyo maana ubavuni huwekwa koni bubu: haina koili wala sumaku, inachezeshwa na hewa iliyobanwa ndani ya boksi. Spika feki hubandika mpira wa pambo mahali hapo. Piga wimbo wa besi, gusa kwa ncha ya kidole bila kukandamiza. Ya kweli utaiona inaruka. Pambo limetulia tu.

Kisha panda na sauti pole pole kutoka nusu hadi mwisho. Besi kupungua kidogo huku juu ni kawaida, saketi inailinda koni isipasuke. Ila ikifika robo tatu ukabaki na sauti ya kopo, basi hiyo robo tatu ndiyo mwisho wake. Kinachofuata ni kelele.

seli_mbili
Hapo kwenye betri mAh zinadanganya. Zidisha kwa volti, gawa kwa 1000, upate Wh, yaani nishati yote iliyomo kwenye betri. Seli ya volti 3.7 yenye mAh 5000 ni Wh 18.5. Lakini kama hiyo ya 4800 ina seli mbili zilizofuatana, volti 7.4, ni Wh 35.5, karibu mara mbili ya mwenzake. Geuza spika, soma kitako. Saa za kucheza zinazotajwa kwenye boksi mara nyingi ni za sauti ya kati. Ukiiachia mpaka mwisho zinaweza kushuka chini ya nusu.

IP67: 6 ni vumbi haliingii, 7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, na kipimo hicho hakihusu maji ya chumvi. Ikiingia baharini, isuuze. Usichaji tundu likiwa bichi, miguso ya ndani italiwa na kutu.

mpenda_besi
Kitako cha ya pili: 7.4V, 35.5Wh. Ya kwanza imeandikwa mAh tu. Na kuna jambo: hiyo ya kwanza ina tundu la USB-C lakini haipokei chaji kwa waya wa C kwa C. Mbovu?

fundi_waya
Si lazima. Chaja ya C haiachii umeme mpaka ione rezista ya kiloomu 5.1 kwenye pini ya CC, ile inayotambua kifaa kilichochomekwa. Watengenezaji wa bei rahisi huziruka. Jaribu waya wa A (kile kichwa kipana cha USB) kwenda C, itachaji. Ila rezista mbili ndogo kuliko punje ya mchele ni gharama ya kubania kweli? Mtu wa hivyo kabania na kwingine.

kimyakimya
Nyongeza. Usihangaike na LDAC wala aptX, njia za kubana sauti ipite kwenye bluetooth, kwa spika ya ukubwa huu. SBC, njia ya kawaida iliyomo kwenye kila simu, inatosha. Ukicheza gemu, sauti huchelewa hata milisekunde 200, kwa hiyo hakikisha kuna tundu la AUX, la kuchomeka waya wa sauti. Ukifikiria kuja kuunganisha mbili, kwa kawaida zinakubaliana za kampuni moja tu, tena mara nyingi modeli ile ile.

Na nje, usiiweke katikati ya watu. Isogeze karibu na ukuta, besi inaongezeka bure. Simu nayo iwe mahali inapoonana na spika, maana mwili wa mtu unameza mawimbi ya bluetooth. Kumi wakisimama katikati, muziki unaweza kukatika.

mpenda_besi
Nachukua ya pili. Kidole nimeshaweka, inaruka.