Nimetangazwa mchakachuaji wa asali mtaa mzima. Someni mpaka mwisho mjue ule wekundu ulitoka wapi

Wakuu, habari za usiku. Humu huwa nasoma na kupita, lakini leo usingizi umegoma kwa hasira.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanza, kwenye hizi nyumba zetu za juu ya mawe ambazo ukisimama uani unaliona ziwa na kivuko cha Kamanga kikiondoka. Nafuga nyuki wadogo, wale wasiouma. Nina mizinga saba, imetundikwa ukutani chini ya paa, nyuma ya jiko. Nyuki wakubwa siwezi kuwaweka katikati ya watu. Wale nimewajua tangu utotoni kwa marehemu baba yangu kule Sikonge, wakichafukwa mtaa mzima unakimbia. Hawa wadogo unaishi nao kama unavyoishi na kuku.

Asali yao ni chache. Mzinga mmoja ukijitahidi unanipa lita moja na kitu kwa mwaka. Naivuna kwa bomba la sindano, chungu kimoja baada ya kingine, maana hawa hawaweki asali kwenye masega. Wanafinyanga vyungu vidogo vya nta na utomvu, ukubwa wa zabibu, wanajaza na kufunika. Chupa moja ya robo lita ni asubuhi nzima nimepiga magoti.

Kwa miaka miwili nimekuwa naipeleka kwenye mgahawa wa kahawa ulio ng'ambo ya ukuta wetu, chini kidogo. Jina silitaji. Kahawa yao inatoka Kagera na ni nzuri, harufu yake asubuhi inanifikia jikoni. Asali yangu walikuwa wanaiweka kwenye chai ya tangawizi, nyingine wanaiuza kaunta. Mwenye mgahawa tulikuwa tunaitana jirani. Nilipofiwa na mama mkwe alikuja na chupa mbili kubwa za chai, akakaa nasi mpaka usiku. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Mwezi Agosti nilimpelekea chupa kumi na mbili. Niliona zina wekundu kwa mbali, nikajisemea ni maua ya msimu. Hapo nilikosea, nilipaswa kuchunguza kwanza, nalikubali hilo mbele yenu. Siku ya tatu naitwa. Nafika, namkuta kasimama mbele ya wateja, chupa yangu mkononi na kiberiti. Akachovya njiti kwenye asali, akaiwasha, haikuwaka. Akachovya ya pili, haikuwaka. Akawageukia watu: "Mmeona? Maji na rangi." Watu wakanitazama tangu miguuni mpaka kichwani. Jioni ile ile picha ya chupa zangu ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, chini yake maneno: jihadharini na asali ya mama fulani, na jina langu likaandikwa kamili.

Hebu tuongee kuhusu hiyo njiti, maana imewaharibia wengi. Njiti iliyolowa haiwaki. Kinachopimwa pale ni unyevu, basi. Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi kwa asili, mara nyingi zaidi ya 25%, wakati kiwango cha kimataifa cha asali ya nyuki wakubwa ni kutozidi 20%. Kwa hiyo ya wadogo ni nyepesi, ina uchachu, na kwenye njiti inaweza kufeli hata ukiitoa mzingani mbele ya macho yako. Sasa chukua sukari, ichemshe mpaka iwe shira nzito, chovya njiti uone kama haitawaka. Mtu anakufunga kwa ushahidi wa kiberiti!

Lakini wekundu ulikuwepo kweli, na mimi rangi sijawahi kununua. Nikarudi nyumbani nikafungua mizinga yote saba kwa tochi ya simu. Minne ilikuwa salama, vyungu vya kahawia kama siku zote. Mitatu ilikuwa na vyungu vyekundu kama juisi ya rozela, hasa vile vipya. Nikaonja. Ule uchachu haupo, utamu umelala tu, na harufu yake ni ya pipi.

Wa kwanza kumshuku alikuwa mama jirani wa upande wa juu anayeuza barafu za ubuyu. Nikamwendea. Ndoo zake zote zina mifuniko, friji imefungwa, na nyuki hata mmoja sikumwona. Nilimwomba radhi, na hapa naomba tena.

Kisha nikakumbuka jambo ambalo baba alikuwa akilisema. Nyuki mkubwa anaweza kwenda kilomita tatu na kuzidi kutafuta chakula. Mdogo haendi mbali hivyo. Rangi ile lazima ilikuwa karibu, tena karibu sana. Nikakaa kwenye kigoda chini ya mizinga tangu saa tatu asubuhi nikiwatazama wanavyorudi. Wa ile mizinga mitatu walikuwa wanakuja kwa kuvuka ukuta, upande wa mgahawa. Mmoja alitua kwenye kile kimrija cha nta mlangoni, jua likampiga kwa nyuma, tumbo lake likaonekana jekundu kama taa.

Nilipochungulia ng'ambo ya ukuta nikaona ndoo. Kijana mmoja wa mgahawa, ambaye sitamwingiza matatani, alinieleza kwamba tangu Julai wanauza vinywaji vya barafu vyenye sirapu nyekundu, na mabaki ya vikombe pamoja na chupa zinazosuuzwa vinamwagwa kwenye ndoo ile mpaka jioni. Haina mfuniko. Na Julai hiyo ni kiangazi, mlima umekauka, maua ya kuhesabu. Mdudu mwenye njaa atapita hapo aache?

Sikutaka kusema bila uhakika. Jumapili nilimweka mwanangu wa miaka kumi na mmoja chini ya mizinga na simu ya baba yake. Mimi nikasimama kwenye jiwe la ukutani, nikafunga unga wa ngano kwenye kitambaa chepesi na kuukung'uta taratibu juu ya ndoo. Nyuki waliokuwa wanakunywa wakawa weupe. Dakika chache simu ikaita. "Mama, kaingia mweupe! Na mwingine huyu!" Nikamwuliza mzinga gani. Kwa saa nzima weupe waliingia mizinga mitatu tu, ile ile yenye vyungu vyekundu. Yote amerekodi kwa video.

Na si maajabu ya Mwanza. Mwanangu alitafuta kwenye simu akanionyesha kwamba mwaka 2010 kule Brooklyn, New York, wafugaji wa nyuki wa mjini walivuna asali nyekundu kwa sababu nyuki walikuwa wanakunywa shira ya kiwanda cha cheri. Mwaka 2012 kule Ribeauvillé, Ufaransa, ilitoka ya bluu na ya kijani, nyuki walikuwa wanafuata mabaki ya peremende za rangi yaliyopelekwa kwenye mtambo wa gesi. Huko wafugaji ndio walioonekana wamepata hasara. Huku kwetu mfugaji ndiye mwizi.

Nikampelekea jirani video. Aliitazama yote, akanirudishia simu, akasema: "Nyuki ni wako, wafunge." Nyuki wafungwe, wakuu! Kama mbuzi!

Ile nyekundu nimeitoa mizingani yote, nimebakiza chupa moja ya ushahidi. Siuzi, kwa kuwa haikutoka kwenye maua, na mteja anayelipa shilingi 15,000 kwa robo lita anastahili kile alichoambiwa. Chupa tatu alizozifungua sidai hata senti. Ninachotaka ni hizo tisa zilizobaki nirudishiwe, ndoo ifunikwe, na aandike kwenye kundi lile lile, kwa jina langu lile lile alilolichafua, kwamba sikuweka rangi. Wateja wangu wanne wa kudumu wameacha kupokea simu. Binti yangu ameulizwa shuleni kama mama yake anapika asali.

Mwenyekiti wa mtaa ametuita Jumamosi saa nne. Nitakwenda na chupa, video na mwanangu. Kama kuna mtu humu amewahi kupimisha asali ya nyuki wadogo maabara, anielekeze utaratibu kabla ya siku hiyo, nitashukuru sana.

Leo jioni nimechungulia tena pale ukutani. Ndoo bado iko wazi, na nyuki wangu wamejipanga ukingoni wanakunywa.