"Mama, kwako kuna jiko?" Yule nesi wa mizani leo kanimaliza

Mama J
Wakuu, naandika nikiwa ndani ya bajaji, mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe. Natoka kliniki. Yule mama wa mizani, nyote mnamjua, yule wa miwani ya kamba anayeita majina kama anatangaza matokeo ya kidato cha nne, leo kanivua nguo mbele ya wanawake mia tano. Haya, arobaini. Ila walicheka kama mia tano.

Mwanangu ana miaka 2 na miezi 8. Hali. Simaanishi anachagua kidogo. Wali ukiguswa na mchuzi, wali huo umeshakufa. Akiona kiini cha yai analia kama kuna msiba. Mchicha nimeusaga, nimeuficha ndani ya chapati, akautoa kipande kimoja kimoja na kuupanga pembeni ya sahani kama kidhibiti cha polisi. Kinachopita ni biskuti. Nifanyeje, alale njaa?

Basi kapandishwa mizani, kilo 11.8. Mwezi uliopita 11.8. Wa kabla yake 11.8. Yule mama kainua kadi juu kama refa: "Mstari umelala!" Nikamwambia mbona utepe wa kupima unene wa mkono umesoma sentimita 14, kijani kabisa, na manjano inaanzia chini ya 12.5? Hana habari. Kamgeukia mtoto.

"Umekula nini asubuhi?"
"Bikuti."
"Na jana?"
"Bikuti."
"Nani kakupa?"

Mtoto niliyemzaa kwa kisu akaninyooshea kidole.

Hilo ningelimeza. Lakini yule mama alikuwa na hotpoti yake chini ya meza. Kaifungua. Wali, maharage, MCHICHA. Kachota kijiko kampelekea. Na mwanangu, jamani, mwanangu huyu huyu, akafungua mdomo. Akatafuna. Akasema "tena". Alikula mpaka hotpoti ikakombwa, halafu akapanda kukaa mapajani kwa yule mama kama kafika kwao.

Ndipo akanitazama juu ya miwani, benchi zima kimya: "Mama, kwako kuna jiko?"

KWAKO KUNA JIKO. Ninayo mawili! La gesi na la mkaa!

Halafu kaandika kwenye daftari, eti Alhamisi afisa ustawi wa jamii atapita nyumbani kuangalia mazingira ya mtoto. Serikali ije kufunua masufuria yangu kwa sababu ya mchicha! Kuna jiko, anauliza. Hapa ndo nimefika, nimeshuka kwenye bajaji nimesahau hata chenji.

Kobe Mzee
Uzi bila picha. Tupia picha ya hotpoti.

Chuma Kavu
Nimesoma mpaka mwisho. Swali la nesi bado halijajibiwa vizuri. Jiko lipo?

Mama J
@Chuma Kavu MAWILI NIMESEMA. Ulitaka nilibebe kichwani mpaka kwenye mizani?

Wakili wa Kijiweni
Mleta mada usichukulie poa. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, orodha ya wajibu wa mzazi inaanza na chakula, kabla hata ya malazi na mavazi. Nenda kifungu cha 14: faini isiyozidi milioni 5, au jela isiyozidi miezi 6, au vyote kwa pamoja.

Mama J
Wapi wameandika mchicha? Nionyeshe neno mchicha.

Chuma Kavu
Na neno bikuti je? 😂😂

Bi Mkubwa wa Tanga
Pole mwanangu. Huyo haumwi, ana deko. Umri huo chakula kitamu ni cha kwa jirani. Funga biskuti kabatini, mwekee sahani mle pamoja, asipokula ondoa, wala usimkimbize na kijiko uani. Wangu alikuwa kwangu hali, kwa bibi yake anakula mpaka ukoko. Tena huyo bibi yake! Siku ya maulidi kaniambia mbele ya mawifi kwamba mkono wangu hauna ladha. Miaka kumi na moja sasa, sijasahau.

Shangazi Uji
Tatizo ni uji. Saga mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga na dagaa. Atanenepa mwenyewe.

Siogopi Mtu
Huo ndio mnaowaharibia nao watoto matumbo. Maafisa lishe wanapiga kelele kila siku, nafaka moja na jamii ya kunde moja inatosha, nyie mnasaga duka zima la Mangi.

Shangazi Uji
Wangu wanne wamekua kwa huo huo. Wako wangapi?

Buku Jero
Alhamisi akija huyo afisa naye aulizwe swali. Halmashauri ziliambiwa zitenge shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Buku ya mtoto wako iko wapi?

Chuma Kavu
Kumbe kwa mwaka mzima ni buku? Ndiyo maana nesi analisha watu kwa hotpoti yake.

Baridi ya Oslo
Shukuruni huko. Huku Norwei mwaka 2011, mji wa Stavanger, wazazi wa Kihindi walichukuliwa watoto wawili, na wenyewe walisema moja ya walilolaumiwa ni kumlisha mtoto kwa mkono. Ikabidi serikali ya India iingilie, watoto wakakabidhiwa baba yao mdogo 2012. Mimi nikisonga ugali nafunga pazia.

Kobe Mzee
Kwa ugali pazia. Kwa dagaa unafanyaje, unahama mtaa?

Baba Safari
Hayo ya mchicha ni madogo. Mke wangu kaenda kuanza kliniki ya mimba, mimi niko safarini, karudishwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mume hayupo. Mwenyekiti kataka elfu tano ya muhuri!

Buku Jero
Elfu tano? Wa kwetu elfu kumi, na muhuri unakuta kausahau kilabuni.

Siogopi Mtu
Wa kwetu muhuri anao mkewe, yuko sokoni anauza nyanya. Barua yangu ina doa mpaka leo.

Mama J
Jamani, Alhamisi ni keshokutwa. Biskuti nizifiche wapi? Na kichwani nasikia tu kwako kuna jiko, kwako kuna jiko.

Baba Safari
@Buku Jero elfu kumi huo ni wizi wa mchana. Stakabadhi alikupa?

Bi Mkubwa wa Tanga
Mleta mada, hebu niambie, ule mchicha uliungwa na nini?

Mama J
Nazi. Na karanga kwa mbali. Nililamba kijiko wakati anaandika daftari.