Eti mtu wa Ruashi anaenda mjini KUFANYA NINI?! (uzi wa hasira, musinitulize)

Bandugu, bukari iko mbele yangu na lengalenga yake, naiangalia tu, haipiti kooni. Natoka kwenye kile kikao cha pesa za mabasi ya hapa Lubumbashi, munakijua. Na yule onorabule, mbunge wetu, munamjua, simtaji, yule mwenye kucheka kabla hajasema kitu. Kile kicheko chake peke yake kingetozwa kodi, jimbo lingejenga barabara mpaka baharini.

Mjadala wenyewe ni mdogo. Mabasi yatoke Likasi, yapite hapa mjini, yafike Kasumbalesa mpakani, na mengine yaingie mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi. Pesa itoke wapi, basi. Mama mmoja muuza samaki akasimama kwa heshima zote, akaeleza: asubuhi dereva anakata njia, anakushusha Bel-Air, unalipa. Kutoka Bel-Air mpaka mjini unalipa tena. Gari lilelile! Na kijana wa mlangoni anakuuliza "mama, unaenda wapi?" utafikiri hamjawahi kuonana duniani. Mvua ikitanda, bei imeshapanda kabla ya tone la kwanza kufika chini.

Onorabule akacheka. Akavuta mikro. Akasema: "Lakini mama, mutu wa Ruashi anaendaka ku mji kila siku kufanya nini?"

KUFANYA NINI.

Tunaenda kuhakikisha Poste haijahama, papa. Tunaenda kuamkia ile cheminée ya moshi ya Gécamines, kampuni ya madini, si ndiyo mkubwa wetu wa ukoo? Nani anafagia ofisi yako? Nani alikuletea ile chai uliyokuwa unakoroga wakati unauliza? Alitoka Ruashi saa kumi na moja za giza!

Na gari lake la vioo vyeusi lilikuwa nje, motere inanguruma kikao kizima ili baridi isitoke. Mafuta yaliyoungua pale yangefikisha basi Likasi, dereva akale, alale, arudi na chenji.

Walimalizaje habari ya bajeti, musiniulize. Nasikia wameahirisha. Mimi masikio yangu yalibaki kwenye "kufanya nini". Yule mama alijifunga kitenge chake upya, akakaa, hakujibu. Nilitaka kumjibia, mikro ikawa imeshakimbizwa mbele.

Desemba 2023, wakati wa kura, njia ya Ruashi aliijua vizuri sana. Alikuja na mchele na kofia. Siku ile hakuuliza tunafanya nini.

KatubaMoja: Kofia uliipokea ao haukuipokea? Anza na hiyo.

Mwenye uzi: Kofia ni ya jua. Kura ni siri.

KatubaMoja: Basi ivae, utembee nayo mpaka mjini 😂

Papa_Njanja: Batoto, mutulie. Reli ilifika hapa 1910, mji wenyewe bado ni pori. Leo munagombana juu ya basi. Fufueni treni kwanza.

Yaya_Bijoux: Papa, kwa heshima yote, ile treni mama anapanda na mimba, mtoto anashuka na ndevu.

Asilimia25: Mimi nasema pesa ipo. Kanuni ya madini ilivyorekebishwa 2018, redevansi (malipo ya makampuni kwa madini wanayochimba) inagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa mji au sekta yenye mgodi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Halafu Katiba, kifungu cha 175: asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena yakatwe palepale yanapokusanywa. Kwa hiyo tungepaswa kuuliza…

Mwenye uzi: Ndugu yangu, mama wa watu ameulizwa KUFANYA NINI mbele ya watu, wewe unaniletea kifungu?

Kizazi_Kijacho: Mimi ndiye kizazi kijacho. Ile 10 yangu naiomba leo, niko Bel-Air nimeshushwa.

Kasumba_KilaSiku: Bel-Air munalia? Mukuye huku. Malori ya shaba yamelala barabarani, peaji (ada ya barabara) umelipa, unakwenda hatua tano unasimama. Dereva wa lori anapika bukari chini ya gari, anakula, anaosha sufuria, anasinzia, sisi tuko palepale. Na njia ni ya taifa, Nambari Moja! Ya pili sijui iko namna gani.

Likasi_Juu: Sisi peaji tunalipa pia, na hakuna mutu anatuulizaka hata "kufanya nini". Heri ninyi munatukanwa, munaonekana.

Kenya_Sokoni: Munaongea mabasi, kwetu transfo ya umeme imeungua, tumeambiwa tuchange. Transfo inachangiwa kama harusi! Hata kadi za mwaliko zinapita.

Lupopo_Daima: Umeme utarudi siku wale wa timu ya Mazembe bataomba msamaha sisi Lupopo.

Kunguru_Kamalondo: Ninyi Lupopo, Cheminots, timu ya watu wa reli, treni yenu iko wapi? Na ku stade munaendaka kufanya nini?

Lupopo_Daima: Huyu anatafuta. Onorabule wako huyo, chukua.

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye uzi. Yule mama…

KatubaMoja: Uzi umeshafika Kamalondo, uwanjani kwa Mazembe, yaya. Panda nyuma ao baki.

Kunguru_Kamalondo: Nionyesheni kombe moja la Afrika. Moja. Nasubiri.

Kenya_Sokoni: Acheni mpira. Nani anauza makala, mkaa wa kupikia, karibu na Kenya? Mufuko bei gani?

Mama_Makala: Iko, mikavu kabisa. Lakini ni Kisanga, na siletaki.

Kenya_Sokoni: Punguza kidogo basi mama, niko na mifuko miwili ya kuchukua.