Tupeane uzoefu: swali la palindromu lilikupata wapi?

Nyar Milimani: Jana nimemkuta binti wa jirani hapa Kisumu ameshika kichwa kwa lile swali la kuandika programu: tafuta palindromu (namba inayosomeka sawa mbele na nyuma) kubwa zaidi inayotokana na kuzidisha namba mbili za tarakimu tatu. Nikakumbuka mbali. Kwa tarakimu mbili unapata 9009, yaani 91 mara 99, unajiona bingwa. Halafu tatu zinakuja. Nyinyi liliwapata wapi?

Kijana wa Section 58: Nakuru, mwaka wa kwanza chuoni. Mhadhiri alikataza kugeuza namba kuwa maandishi. Unagawanya kwa 10, unachukua baki, unaijenga namba upya kutoka nyuma, kisha unalinganisha. Mpaka leo nafanya hivyo.

Fundi Kondele: Kujitesa tu. Igeuze iwe maandishi, isome kinyume, linganisha, nenda ukale samaki.

Kijana wa Section 58: Ukipewa namba milioni kumi utakula samaki mpaka kesho.

Fundi Kondele: Mteja gani huyo wa milioni kumi? Mlete.

Otis wa Busia: Acheni niwaambie yangu. Mahojiano ya kazi, ghorofani, mjini Kisumu, jopo la watu watatu. Swali ni hilihili. Nikaandika lupu mbili, yaani mizunguko ya kurudia hesabu, zinazoshuka kutoka 999, kila palindromu ikipatikana inapimwa na kubwa iliyotangulia. Ikatoka 906609. Mkubwa wao akatazama karatasi yake, akatikisa kichwa: "Jibu ni 580085."

Jasho likanishuka mgongoni. Nauli nilikuwa nimekopa, mama nyumbani anangoja simu. Lakini nikajua kilichotokea. Aliyeandaa majibu alisimama kwenye palindromu ya kwanza kukutana nayo, 995 mara 583, akaamini kwamba kwa kuwa anashuka kutoka juu, ya kwanza ndiyo kubwa. Wapi! 995 iko juu, lakini 583 imeshuka mno. Nikasema, "Samahani bosi, naomba uzidishe 913 kwa 993 kwenye simu yako." Akazidisha. Akazidisha tena. Akaigeuza karatasi kifudifudi, akasema asante, tutakupigia.

Hawakupiga.

Nyar Milimani: Woi! Pole sana ndugu yangu.

Mwalimu Kakamega: Kijana, ukweli ulikuwa wako, lakini mkubwa hakosolewi mbele ya walio chini yake. Ungemwona pembeni.

Mama Bungoma: Mwalimu, kwa heshima zote, pembeni gani kwenye mahojiano? Mtoto wa watu aliulizwa jibu, akatoa jibu. Otis, ungenyamaza ningekushangaa.

Fundi Kondele: Na mahali ambapo 580085 inaishinda 906609, mshahara wangekuhesabia vipi?

Mwalimu Kakamega: Basi tumsaidie huyo binti. Palindromu ya tarakimu sita lazima igawanyike kwa 11, kwa sababu imejengwa kwa 100001, 10010 na 1100, na zote tatu zinagawanyika. Kwa hiyo mojawapo ya zile namba mbili nayo lazima igawanyike kwa 11. Za namna hiyo zenye tarakimu tatu ni 81 tu. Hiyo 913 ya Otis ni 11 mara 83.

Kijana wa Section 58: Mwalimu! Hii mbona hatukufundishwa?

Fundi Kondele: Asisumbuke, kompyuta itamaliza hata bila 11.

Jamaa wa Maseno: Akimaliza ajaribu hii: chukua namba, ijumlishe na hiyohiyo ikisomwa kutoka nyuma, rudia mpaka upate palindromu. 89 inafika baada ya hatua 24, kwenye 8813200023188. Halafu ajaribu 196.

Mama Bungoma: Usimpe mtoto 196! Watu wameisukuma mpaka mamilioni ya tarakimu na palindromu haijaonekana.

Nyar Milimani: Nimechelewa kusoma, nimeshampa. Laptopu inanguruma.

Mama Bungoma: Mwambie aweke kikomo cha hatua, sasa hivi, kabla stima haijapotea.

Otis wa Busia: Akiacha hiyo, ajaribu tarakimu nne. 9901 mara 9999. Azidishe mwenyewe aone.