Mrejesho: droo ya chini ya siti, sasa haifunguki yenyewe

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini droo ya chini ya siti za Land Cruiser yangu ya watalii inafunguka yenyewe na darubini za wageni zinamwagika sakafuni. Ilikuwa inashikwa na sumaku tu, na inafungukia mbele. Mkanijibu: achana na sumaku, na isifungukie mbele.

Kweli kabisa. Ukifunga breki mzigo wote unasukuma kwenda mbele, hapo sumaku haina ubavu. Fundi wangu wa Unga Limited, Arusha, kaigeuza kuwa kisanduku: unakunja siti, kifuniko kinainuka juu. Kufungia tumeweka klipu ya kubana, zile za masanduku ya vifaa. Ukiikandamiza, mkono wake unavuka mstari wa katikati (pale inapobana zaidi), "tak!", na mtetemo hauirudishi tena. Ukingoni tumebandika mpira wa tyubu ya baiskeli, maana vumbi la kuelekea Naabi, geti la Serengeti, halina adabu.

Nimeenda Serengeti na kurudi, haijafunguka hata mara moja. Ila klipu imechomoza, imemkwaruza mgeni kwenye muundi (niliomba radhi hadi aibu). Jumatatu fundi anaizamisha ndani.

Aliyesema kisanduku nikijaribu kwanza kwa boksi la karatasi, unanidai soda.